Malalamiko kuhusu kozi ya kuzamia mapangoni na cheti kilichotolewa bila mafunzo kukamilika

Makunduchi,
Mkoa wa Kusini Unguja.

Meneja,
Kituo cha Uzamiaji,
Pwani ya Mashariki, Unguja.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

YAH: KUFUTWA KWA CHETI CHA KUZAMIA MAPANGONI NA KUSIMAMISHWA KWA SAFARI ZA PANGONI

Nakuandikia kuomba kwamba cheti cha kuzamia mapangoni mlichonitumia kwa jina langu kifutwe, na kwamba kituo chenu kisimamishe kuwapeleka watu katika pango la maji lililoko maweni, nyuma ya kijiji, mpaka mtakapokuwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo na vifaa vinavyostahiki. Nina dai pia la kurejeshewa ada, lakini hilo nitalitaja mwisho kwa sababu ndilo dogo.

Kazi yangu ni kuongoza wazamiaji baharini, na nilijiandikisha kwenu kwa sababu tangazo lenu liliahidi kozi kamili: nadharia, mazoezi ya kamba nchi kavu, kisha kuzamia mara nne ndani ya sehemu ya pango inayofikiwa na mwanga wa mchana. Hivyo ndivyo kozi ya kiwango hicho inavyotakiwa iwe. Ina mipaka inayojulikana: mwanafunzi asiuache mwanga wa mlangoni, na kina pamoja na masafa ya kwenda ndani, vikihesabiwa kwa jumla tokea usoni mwa maji, visizidi mita 40 kwa baadhi ya mashirika ya mafunzo na mita 60 hivi kwa mengine. Baharini mtu akipata shida hupanda juu taratibu akavuta hewa ya Mungu. Pangoni juu yake pana jiwe, na njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia.

Siku ya mafunzo hatukufanya zoezi lolote nchi kavu. Tulifika pangoni, tukaambiwa tuvae, tukaingia.

Nianze na kamba, kwa sababu kamba ndiyo roho ya kazi hii. Inayotakiwa ni kamba nyembamba ya nailoni iliyosukwa, iliyozungushwa kwenye rili, yaani kigurudumu cha kukunjia kamba. Fundo lake la kwanza hufungwa nje, mahali ambapo mzamiaji bado anaweza kupanda moja kwa moja mpaka juu, na la pili hufungwa mara tu baada ya kuupita mlango. Kisha kamba huvutwa ikakaza na kupitishwa mahali ambapo mtu asiyeona kitu anaweza kuizungushia kidole gumba na cha shahada akaifuata mpaka nje. Mwalimu wenu alitoa mkobani kamba ya plastiki ya rangi ya buluu, ile ile inayofungiwa mashua, akaifunga kwenye mzizi wa mti mlangoni na kwenda nayo ndani huku akiiachia. Kamba ya namna ile huelea. Nilipoinua tochi niliiona imepanda juu ya vichwa vyetu na kulala kwenye paa la pango, na kipande chake kimoja kimejibana ndani ya ufa kati ya mawe mawili, ufa ambao mkono unapita lakini mtu hapiti. Yeyote ambaye angeifuata kamba ile katika kiza angeishia kwenye ufa huo, na mlango asingeuona.

Mkanda niliopewa ulikuwa na risasi, yaani vipande vya madini vya kumzamisha mzamiaji, za kiwango kile kile ninachofunga baharini. Nilimwambia mwalimu kabla hatujaingia kwamba maji ya pangoni ni matamu na hayambebi mtu kama ya bahari, naye akanijibu kwamba tofauti haionekani. Tofauti ipo na inahesabika. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, na ya maji ya bahari huzidi hapo kwa gramu 25 hivi. Kwa hiyo mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana uzito wa kilo 100 hupaswa kupunguza risasi kiasi cha kilo mbili na nusu. Sisi hatukupunguza chochote. Tulikwenda tumeinamisha miguu, mapezi yakiburura juu ya tope laini ambalo limejikusanya humo kwa muda mrefu bila ya kuguswa na mkondo wala wimbi.

Chini kidogo tulifika pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Mapango yetu yamo ndani ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari yanayopenya kutoka pwani. Mpakani mwao macho huona ukungu kama wa samli inayoyeyuka. Ni jambo la kawaida kabisa katika mapango yaliyo karibu na bahari, na mwalimu anayelijua hulieleza kwa maneno machache kabla ya watu kuingia majini. Kwetu halikuelezwa. Mwanafunzi mwenzangu alidhani miwani yake imeingia maji, akajishika uso na kuanza kupiga mapezi juu na chini kwa nguvu, na kwa vile tulikuwa karibu mno na sakafu, tope lote likapanda. Mwanga wa tochi yangu ulirudi usoni kwangu ukiwa weupe mtupu. Sikuuona hata mkono ulioishika. Nilimkamata mwenzangu mkono, nikatulia bila ya kupiga mguu mpaka nilipoupata mwanga wa mlango kwa upande wa kushoto, tukatoka. Mwalimu alitoka baada yetu.

Tochi zenyewe zilikuwa moja moja, na ya mwenzangu ilikuwa ikizimika na kuwaka. Wanaoingia ndani ya mapango hubeba tatu kila mtu, na hata wanaobaki kwenye mwanga wa mchana hawakosi ya akiba.

Kuhusu hewa, tuliagizwa tugeuke geji, yaani kipimo cha hewa ya mtungini, itakaposoma bari 100 (bari ni kizio cha mgandamizo wa hewa). Agizo hilo linafaa kwenye mwamba wa baharini, ambako juu ni kweupe. Pangoni hewa hugawiwa kwa theluthi: moja ya kwendea, moja ya kurudia, na ya tatu haiguswi kabisa, kwa sababu ndiyo atakayopewa mwenzako ikiwa yake imekwisha mkiwa mwisho wa safari. Mwenye mtungi wa bari 200 huanza kurudi akiwa bado na zaidi ya bari 130. Anayegeuka kwenye 100 amekwishatumia nusu ya mtungi, na nusu iliyobaki inamtosha yeye peke yake, tena ikiwa tu kurudi hakukuchukua muda mrefu kuliko kwenda. Na tope likishapanda, kurudi huchukua muda mrefu zaidi siku zote.

Nilipofika ofisini kwenu kulalamika nilijibiwa kwa upole, nami nashukuru kwa upole huo, lakini jibu lenyewe silikubali. Niliambiwa kwamba pango letu ni dogo, halifanani na yale ya Mexico, na kwamba mwalimu ana uzoefu wa miaka mingi wa bahari. Kwenye mapango ya Florida, nchini Marekani, limewekwa bango linalowaonya wazamiaji kwamba zaidi ya watu 300 wamekufa katika mapango ya aina hiyo, na linawataja waziwazi walimu wa kuzamia baharini kuwa miongoni mwao. Katika mashimo ya maji matamu ya Mount Gambier, Australia Kusini, wazamiaji 11 walikufa kati ya 1969 na 1974, wanne kati yao kwa pamoja mwaka 1973 katika shimo moja ambalo mdomo wake ni mwembamba na ndani ni ukumbi mkubwa wenye kiza. Ndiyo maana katika mwaka huo huo wazamiaji wa huko waliunda chama chao cha mapangoni na kuanza kuwapima watu kabla ya kuwaruhusu kuingia. Kanuni za kamba, theluthi na kina zilipatikana kwa kuzichambua ajali za namna hiyo moja baada ya moja, kazi ambayo mzamiaji wa mapangoni Sheck Exley wa Marekani aliifanya kwa bidii kuliko wengi, na yeye mwenyewe, pamoja na kuwa mmoja wa wazoefu wakubwa duniani, alifia katika shimo la Zacatón, Mexico, mwaka 1994. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba miaka ya baharini inatosha badala ya kamba iliyokaza, siwezi kuridhika.

Tena udogo wa pango haupunguzi hatari ya tope. Ukumbi ukiwa mdogo tope huujaza upesi zaidi.

Sasa nije kwenye cheti, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike badala ya kuliacha jambo hili lipite. Siku ile ile, tulipotoka majini, nilimwambia mwalimu mbele ya wenzangu kwamba sitaendelea na kozi. Nilizamia mara moja tu. Baadaye nikapokea kutoka kwenu kadi yenye jina langu na picha yangu, pamoja na fomu inayosema kwamba nimekamilisha kuzamia mara nne, kwamba nimefuata kamba nikiwa nimefumba macho, na kwamba nimegawana hewa na mwenzangu huku tukiifuata kamba mpaka nje. Hakuna hata moja kati ya hayo nililolifanya. Chini ya fomu ipo saini ya mwalimu.

Yawezekana ofisi yenu ilidhani kwamba kunipa kadi ni kuniridhisha. Naomba mfahamu kadi ile ina maana gani. Kituo chochote, hapa au ng'ambo, kitakachoiona kitanihesabu kuwa ni mtu aliyefundishwa, kitanipa mtungi na kuniruhusu kuingia, na kitampanga mgeni mwengine awe mwenzangu, naye ataniamini kwamba najua kumtoa kizani kwa kamba. Zoezi la kufumba macho huwekwa kwenye kozi ili mkono ujifunze kabla ya siku ya haja. Mkono wangu haujajifunza. Na kama mimi nimetumiwa fomu ya namna hii, nina wasiwasi juu ya wengine waliopita kwenu kabla yangu, ambao pengine wanaamini kwamba walichofundishwa ndicho chote kilichopo.

Upo pia upande wa kijiji. Pango lile lilikuwa likitekwa maji kabla ya mabomba, na bado wapo wanaokwenda bomba likikauka. Wapo pia wazee wanaofukiza ubani pale mlangoni. Waliporuhusu kituo chenu kuingia waliambiwa kwamba wanaokuja ni wataalamu watakaoyaacha maji kama walivyoyakuta. Tulipotoka siku ile maji ya mlangoni yalikuwa ya rangi ya udongo, na mama mmoja aliyekuja na ndoo mbili alirudi nazo tupu. Wazee hao wanastahiki kuelezwa ukweli na nyinyi wenyewe, kabla hawajausikia kwa watu.

Naomba, basi, mliandikie shirika lililotoa kadi na kulieleza kwamba mafunzo yangu hayakukamilika, na nipatiwe nakala ya barua hiyo. Naomba fomu za wanafunzi wengine wote wa kozi hii zipitiwe na mtu asiyekuwa mwalimu yule yule, na ambao hawakukamilisha wajulishwe. Naomba kamba ile iliyobaki ndani ya ufa itolewe na mtu mwenye ujuzi, kwa sababu mzamiaji mwengine akiiona anaweza kudhani inampeleka nje. Safari za pangoni zisimame mpaka hapo. Ada niliyolipa irejeshwe yote, isipokuwa gharama ya mtungi mmoja niliotumia, ambayo naikubali.

Nimeambatanisha nakala ya tangazo lenu, risiti ya malipo, kadi na fomu. Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tokea mtakapoipokea barua hii. Nisipolipata nitawasilisha malalamiko haya Kamisheni ya Utalii Zanzibar pamoja na shirika la mafunzo lenyewe. Niko tayari kuja ofisini wakati wowote kukutana na mwalimu na kueleza mbele yake kila nililoliandika hapa.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa kozi ya kuzamia mapangoni,
Makunduchi.

Nakala: Sheha wa Shehia.