Mpwa wangu si yatima, baba yake yupo stendi

Mhariri,

Kila sikukuu ikikaribia, magazeti hujaa picha za watu wakigawa mchele na madaftari kwa watoto wasio na baba. Sina ugomvi na mchele. Ila mpwa wangu wa darasa la tano anahesabiwa humo, na baba yake yu hai. Anaendesha bajaji. Nikienda karakana asubuhi namkuta stendi, na hunisalimia vizuri tu: "Habari za toka jana, shemeji?"

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mwanawe, awe amemuoa mama au la. Akimkana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, ambayo leo hata kitumbua kimoja cha dada yangu hainunui. Kwa hiyo kwenye karatasi tumesogea.

Ugumu uko kwenye kulipa. Dada yangu na baba mtoto walikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakakubaliana shilingi 40,000 kwa mwezi, wakasaini. Toka hapo kazi ya kuzifuatilia ni ya mama. Anaacha kuchoma vitumbua, anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, anaambiwa baba mtoto hajaleta, pita kesho. Siku nyingine huongozana na mtoto, naye husikia wakubwa wakivutana juu ya viatu vyake. Jioni moja aliniuliza, "Mjomba, vikiwa vya mtumba baba atalipa?"

Ada imefutwa, lakini sare na uji wa shuleni vinataka pesa.

Napendekeza malipo yapitie kwenye simu, tarehe iwe moja, na ujumbe umfikie afisa pia. Miezi miwili ikipita kimya, jalada liende mahakamani bila mama kuambiwa atafute nauli ya kumpelekea mtu wito. Msiniambie kipato cha bajaji hakitabiriki. Shemeji yangu huyo huyo anapeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu anajua asipopeleka kesho hapewi funguo.

Vikao vya wazazi nitaendelea kwenda mimi, na Jumamosi namfundisha kijana kupiga randa. Hayo simdai mtu. Nadai zile 40,000.

Mjomba, fundi seremala
Mkoa wa Tanga