Barua kwa Rehema kabla hajahamia kwenye mionzi

Mpendwa Rehema,

Unisamehe kuchelewa kujibu. Wiki hii tumekuwa na wakaguzi wa utafiti, na wewe unawajua: wakishafungua faili la kwanza, hakuna anayekaa. Leo ndiyo wameondoka, kabati nimelifunga, nimeisoma barua yako upya.

Umeniuliza, baada ya miaka yote hiyo ya majaribio ya vidonge, huku kwenye majaribio ya tiba ya mionzi kipi kitakupa tabu. Si fizikia. Fizikia ina wenyewe, na hawachoki kuulizwa. Tabu ni kwamba huku dawa haiji ndani ya chupa. Kidonge chako kimetoka kiwandani kikiwa na namba ya toleo. Ukikitunza kwenye joto lake na mgonjwa akakimeza, basi. Mionzi inatengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kwa mikono ya watu. Daktari anachora mipaka ya uvimbe kwenye picha za CT, mwanafizikia anapanga dozi, wahudumu wa mashine wanamlaza mgonjwa vilevile alivyolala jana. Mmoja wao akiteleza milimita chache siku baada ya siku, mgonjwa amepata dawa nyingine kabisa, na fomu yako bado inasema amemaliza dozi.

Hilo nililijua kwa aibu. Kabla kituo hakijaruhusiwa kusajili mtu, waendeshaji wa utafiti hutuma picha za mgonjwa wa mfano. Mnachora, mnapanga, mnarudisha wakague. Mimi niliona ni urasimu tu, nikaitengea kazi hiyo siku tatu. Ya kwetu ilirudishwa mara mbili! Daktari wetu, ambaye amechora maelfu, alikuwa anaacha nje sehemu ambayo itifaki, yaani mwongozo wa utafiti, inataka iwe ndani. Alikasirika, akasema ndivyo alivyofundishwa. Kesho yake nikamkuta amekaa na itifaki mezani, anachora upya kimyakimya. Tangu siku ile siharakishi mtu.

Wewe mtu wa dawa utaupenda mfano huu. Kuna utafiti wa saratani za kichwa na shingo uitwao TROG 02.02. Ulikuwa unapima kama kuongeza dawa ya tirapazamine kwenye tiba ya kawaida kungesaidia, na dawa haikuongeza uhai. Lakini walipopitia mipango ya mionzi, matokeo yakachapishwa 2010, ikaonekana kwamba baada ya miaka 2 walio hai kati ya waliopangiwa sawasawa tangu mwanzo walikuwa kama asilimia 70, na kati ya wale ambao mipango yao ilikuwa na kasoro kubwa, kama asilimia 50. Dawa iliyokuwa ikitazamwa na kila mtu haikuleta tofauti, mchoro ukaenda na tofauti kubwa hivyo. Kwa kweli kulikuwa na siku nilimwonyesha huyo daktari wetu hizo namba, akanirudishia karatasi bila neno.

Kuhusu madhara makubwa kuripotiwa ndani ya saa 24, na kamati ya maadili, na ridhaa kusainiwa kabla ya lolote, sikuelezi. Huko ulikotoka ni yaleyale.

Isipokuwa ridhaa yenyewe ina ugumu wake huku, kwa sababu hakuna kidonge bandia cha kuficha. Chukua utafiti wa FAST-Forward wa Uingereza, wanawake wengi sana na wanaume wachache, jumla 4,096, wenye saratani ya titi. Kundi moja lilipata grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 15 ndani ya wiki 3. Mengine mawili vipindi 5 tu ndani ya wiki moja, grei 26 au 27. Mgonjwa anajua kapangiwa kipi, na jirani yake kwenye benchi anajua chake. Kwetu mama mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo hata daktari hajui ipi bora?" Nikamwambia hajui, angejua tusingekuwa tunakuomba. Akacheka, akasaini. Kompyuta, inayopanga kwa bahati nasibu, ikampangia vipindi vingi. Akajitoa siku ileile, na ni haki yake. Nilichomwomba ni ruhusa ya kuendelea kufuata taarifa zake hospitalini, akakubali. Usisahau kuomba hilo, Rehema, wengi wetu tunafadhaika tunanyamaza.

Kisha kuna kungoja. FAST-Forward ilisajili kuanzia 2011 hadi 2014, matokeo makuu yakatoka 2020. Ngozi kuwa nyekundu unaiona ndani ya wiki chache, lakini titi kukakamaa au kusinyaa huja taratibu, baada ya miaka. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni simu. Watu wanahama, wanabadili namba, wengine wamepona na hawataki kukumbushwa. Mimi siku ya kwanza huomba namba ya mgonjwa na ya ndugu wawili, kwa ridhaa yake.

Na fanya urafiki na watu wa ratiba za mashine. Ikiharibika siku mbili, wao ndio watakaokuambia mapema nani amekosa vipindi, umwahi mwanafizikia kabla siku hazijarundikana. Barua pepe ya idara hufika jioni, imechelewa.

Ukija kuripoti, usianzie ofisini kwangu kwenye mafaili. Njoo asubuhi mapema, nitakuingiza chumba cha kupangia. Kaa nyuma ya daktari, mwangalie akichora mgonjwa mmoja, slaisi kwa slaisi ya picha za CT, mpaka amalize.

Wako,
Zuhura