Mazoezi ya Jumamosi: mahali pamebadilika

Hamjambo wapendwa? Poleni na kazi za wiki.

Ukumbi wetu wa kawaida una harusi Jumamosi, kwa hivyo mazoezi ya mchezo wetu wa kuigiza tutayafanyia Ukumbi wa Kaloleni, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Wanaotoka mjini, pandeni matatu za Jogoo Road mshuke City Stadium, kisha ni mwendo mfupi kwa miguu.

1. Mchango ni shilingi 500 kila mmoja, wa ukumbi na kukodi fidla mbili, viola na selo. Mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Aliyebanwa anipigie, tutaelewana.

2. Mnaoigiza wanamuziki wanne, nawaomba sana: sikilizeni kwateti (muziki wa ala hizo nne) ya Beethoven, opasi (namba ya utunzi) 131, mara mbili au tatu kabla ya Jumamosi. Ina sehemu saba zinazopigwa mfululizo bila kusimama, na ndiyo maana wahusika wetu wanagombana wakiwa wamechoka hivyo. Hatupigi wenyewe, sauti itatoka kwenye spika, lakini mkono wa upinde lazima uende na muziki. Mtazamaji huona mkono kabla hajasikia neno. Mwalimu wa fidla atakuja saa nne kutusaidia.

3. Mavazi: shati jeupe, suruali au sketi nyeusi.

4. Mama wa chai, tafadhali tuandalie ya watu 14.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa kufikia kesho jioni: "Nitakuja" au "Sitaweza". Nikikosa jibu lako nitakupigia simu, maana onyesho la tatu la mchezo halifanyiki mtu mmoja akikosa.

Asanteni sana.