Barua kwa mwanangu anayechora nje huko Marangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na picha ya kile kibao cha kuchorea ulichokiacha nusu nimeitazama vizuri. Nashukuru kusikia bibi yako hajambo na kwamba mvua za vuli zimeanza kunyesha kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Unasema kila ukianza kuchora Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukifika katikati wingu linashuka, mlima unapotea, kisha jua linatokea kwingine na kila kitu kinavurugika. Kosa nimeliona: kivuli cha mgrevilea kimelala kushoto, cha nyumba kimelala kulia. Rangi zako hazina tatizo. Umechora saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwenye kibao kimoja.

Huko mko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua linapanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Mti wa mita 10 kwenye tambarare, saa moja baada ya jua kuchomoza, una kivuli cha mita 37 hivi. Saa moja baadaye kimebaki kama mita 17. Ndiyo maana usikae kwenye kibao kimoja zaidi ya saa mbili, na macheo au machweo yasizidi nusu saa. Mchoraji Mfaransa Valenciennes alifundisha vipimo hivyohivyo mwaka 1800, na kwao Ufaransa jua linapanda kwa mshazari, taratibu kuliko kwetu.

Kwa hiyo beba vibao vitatu kila unapotoka. Cha kwanza ni cha mlima ulio wazi, ambao kwa kawaida utaupata tangu mapambazuko hadi saa tatu hivi. Cha pili ni cha wingu lililofunika, na cha tatu ni cha baada ya mvua, ardhi ikiwa imelowa. Hali ikibadilika, huibadilishi picha uliyoanza; unakichomoa kibao, unaweka kingine. Kesho saa ileile, hali ileile ikirudi, unakirudia cha kwanza. Mchoraji Mfaransa Monet alifanya hivyo na marundo ya miganda ya nafaka mwaka 1890 na 1891: kanvasi kadhaa kando yake, nuru ikihama naye anahamia nyingine. Jioni, kama saa kumi na moja, mlima mara nyingi hufunguka tena, lakini hiyo ni nuru ya magharibi na inataka kibao chake. Usidanganyike ukadhani ya asubuhi imerudi.

Vibao vyenyewe viwe vidogo, sentimita 20 kwa 25. Kanvasi ya kuwamba kwenye fremu iache nyumbani msimu huu, maana unyevu unailegeza na upepo unaifanya tanga. Mwambie fundi seremala akukatie hadibodi ya milimita 3 au plaiwudi ya milimita 4. Hadibodi si ngeni kwetu: Edward Tingatinga alizichorea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ingawa yeye alitumia rangi ya kung'aa ya madukani. Piga msasa upande laini mpaka mng'ao utoke, futa vumbi, kisha paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono mitatu, kila mkono ukikatisha ule wa kabla yake, na upige msasa namba 220 katikati. Paka na nyuma pamoja na kingo. Usipofanya hivyo unyevu utaingia upande mmoja na kibao kitajikunja kama chapati. Rangi ya maji ya ukutani usiitumie badala ya jeso eti kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ni ya chokaachokaa, inanyonya mafuta yote na rangi inabaki imefifia, bila nguvu ya kushika.

Rangi saba za mafuta zinatosha: nyeupe ya titaniamu, njano ya kadmiamu iliyo nyepesi, oka (njano ya udongo), nyekundu ya kadmiamu, krimsoni (chagua ile isiyopauka, maana alizarini ya zamani hufifia juani), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na samawati ya altramarini. Nyeupe kamua ya ukubwa wa kizibo cha soda, nyingine ukubwa wa karanga. Brashi tano za manyoya magumu, bapa, na kisu kimoja cha kuchanganyia. Tapentini mililita 100 kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Ukifika dukani uangalie sana: thina ya kupulizia magari siyo hii. Ni kali, inaharibu brashi na mapafu. Mafuta ya taa nayo yanakauka polepole na kuacha utelezi ndani ya rangi.

Sasa kazi yenyewe. Dakika tano za kwanza usiguse rangi. Chora kwa penseli kisanduku cha sentimita 5 kwa 6 na ugawe mandhari kwa viwango vitatu tu vya mwanga: cheupe, cha kati, cheusi. Hapo ndipo unapoamua jua liko wapi na wingu limekaa wapi, na uamuzi huo hautabadilika hata mbingu ikibadilika mara kumi. Dakika kumi zinazofuata, kwa siena iliyolainishwa na tapentini, weka mistari mikubwa na ujaze vivuli vyote kwa mara moja, kwa sababu ndivyo vinavyokimbia kwanza. Chora umbo la kivuli kama kitu, kama unavyochora paa. Kisha mbingu, dakika kumi tu. Mbingu ndiyo inayotoa nuru ya kila kitu kilicho chini yake, ukiikosea utasahihisha mpaka jioni.

Mawingu hufuata sheria za umbali kama barabara. Yaliyo juu ya kichwa chako ni makubwa na yameachana. Yanavyokaribia upeo yanakuwa madogo, yamebanana. Tumbo la wingu la mchana liko bapa, na matumbo yote yako kama kwenye kimo kimoja. Usilipake kwa samawati na nyeupe peke yake, kwani ardhi nyekundu ya huko inarudisha joto juu, hivyo tia siena kidogo. Mvua inayonyesha mbali iburute kwa brashi kavu kutoka tumbo la wingu hadi ardhini, rangi ileile, bila mstari wa kukata.

Kwenye Kibo watu wengi hukosea kwa kuupaka mlima mweusi mno. Hewa iliyo katikati yako na mlima ina unyevu na vumbi, na inaupausha. Anza na nyeupe sehemu sita, altramarini moja, na siena ncha ya kisu. Chukua mchanganyiko huo kwenye kisu, nyoosha mkono, fumba jicho moja, uweke kisu kando ya mlima. Ukikuta rangi ya kisu inaonekana kama tundu lililotobolewa, ongeza nyeupe. Ukiona kisu kama kimepotea ndani ya mlima, umepata. Barafu nayo asubuhi si nyeupe ya kwenye tyubu: upande wa kulia, unaopokea jua kutoka mashariki, tia oka na chembe ya nyekundu; upande wa kivuli una ubuluu wa kijivu, na mara nyingi mbingu iliyo nyuma yake inaushinda kwa mwanga. Nyeupe tupu iweke mwisho, mahali pamoja au pawili tu.

Migomba nakuomba uitazame kabla ya kuipaka. Jani lililo kati yako na jua ni njano ya kadmiamu na altramarini kidogo sana, lina moto ndani. Jani lilelile ukiliona kwa juu linarudisha mbingu, ni la kijivu lenye ubuluu, karibu halina kijani. Mvua ikikatika, mng'ao huo unakuwa mkali wenye kingo za kukata, na kando yake kijani kinakolea kuliko siku ya jua. Ukipaka jani zima kwa kijani kimoja, mvua yote imetoka kwenye picha. Barabara ya udongo hivyohivyo: ikiwa kavu ni oka, nyeupe na siena kidogo, ikilowa, ondoa nyeupe kabisa, siena na altramarini tu. Dimbwi linabeba rangi ya mbingu, lakini imekolea kidogo kuliko mbingu yenyewe.

Mvua ikikukuta kazini usitaharuki. Rangi ya mafuta na maji havichanganyiki kirahisi. Matone yatakaa juu ya picha kama shanga, kila moja limebeba kijimbingu chake. Usiyafute kwa kitambaa, utaburuta rangi. Inua kibao kikae wima, kigonge taratibu kwa nyuma, matone yatateleza, mengine yatakauka yenyewe. Hatari kubwa iko kwenye paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi. Tone likiingia ukalikoroga kwa kisu, rangi inageuka kama uji ulioganda: inavunjikavunjika, haishiki, inakauka kwa mabaka. Inamisha paleti maji yashuke pembeni, uyanyonye kwa ncha ya kitambaa bila kugusa rangi. Sehemu ya jeso iliyo wazi ikilowa, isubiri ikauke kabisa. Hata umande wa alfajiri unatosha kufanya rangi iteleze, kwa hiyo futa kibao kabla ya kuanza.

Mwavuli uwe mweusi, mweupe au wa kijivu. Ule mwekundu wa bibi utamwaga wekundu kwenye kibao chako na utachanganya rangi za kuupinga bila kujua. Kibao na paleti viwe kivulini pamoja. Jua likipiga kibao, macho yanakaza, unachanganya rangi nzito kupita kiasi, na ukiingia ndani picha inakuwa giza tupu. Mwavuli uuchomeke ardhini peke yake, usiufunge kwenye stendi ya kibao, upepo utakuja kuchukua vyote viwili. Chini ya stendi ning'iniza mfuko wa mawe ya kilo tatu au nne. Vumbi likiruka, geuza kibao na usubiri. Chembe zikishaingia ziache mpaka rangi ikauke, kisha utazikwangua. Picha ya Monet ya ufukwe wa Trouville huko Ufaransa, ya mwaka 1870, iliyoko London, ina mchanga ndani ya rangi hadi leo.

Radi ni jambo jingine, hapo sibembelezi. Hesabu sekunde toka umeme umulike hadi mngurumo usikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, acha kila kitu ulipo, hasa stendi ya chuma, uingie nyumbani. Usijikinge chini ya mti.

Kurudi na rangi mbichi kuna njia rahisi. Chukua vibao viwili, vigeuze vitazamane, weka kizibo cha soda kwenye kila kona, upande ulio wazi uangalie chini, kisha vifunge kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Vizibo vitaacha alama nne ndogo pembeni, utazigusa baadaye. Ndani, visimamishe vikiegemea ukuta penye hewa, mbali na jiko la kuni la bibi, maana moshi na majivu hushika rangi mbichi. Wiki moja hadi mbili vitakauka kwa kugusa. Palipo na nyeupe nyingi ya titaniamu patachelewa. Vanishi usifikirie kabla ya miezi sita. Ukirudia kibao siku nyingine, tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litatangulia kukauka na kupasuka.

Brashi zioshe kwa tapentini kwanza, kisha sabuni ya mche na maji ya vuguvugu mpaka povu litoke jeupe. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula, kadmiamu ni sumu.

Na matambara, mwanangu. Tambara lenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi zako, likikunjwa na kutupwa kwenye pipa linajipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Nyumba ya bibi yako ina dari la mbao. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatie kwenye kopo lenye maji na kifuniko.

Nyuma ya kila kibao andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, na upepo unatoka wapi. Mchoraji Mwingereza Constable alifanya hivyo na michoro yake ya mawingu huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822. Ukinitumia picha za vibao wiki ijayo, nitumie na za mgongoni, nione uliviacha saa ngapi.

Nisalimie bibi.

Mama yako