Kiingereza cha karatasi za kazi

Bwana Mhariri,

Matangazo ya masomo ya Kiingereza yamejaa Bukavu. Mimi ni mhasibu wa chama cha wakulima wa kahawa, na nina ombi kwa walimu hao: msifundishe neno kwa maana moja tu.

Chukueni "qualified". Kila kijana wa Kadutu anajua kuwa ni mtu mwenye sifa za kazi. Lakini wakaguzi wa hesabu wakiandika "qualified opinion", wanasema kuna jambo hawalikubali katika hesabu, au wamekosa ushahidi wa kutosha. Ripoti safi ndiyo "unqualified", neno ambalo kwa mtu ni kukosa sifa! Niliona kamati ya chama jirani ikipongezana kwa ripoti yenye "qualified opinion". Mfadhili alingoja maelezo, wao wakamtumia shukrani. Iliniuma, maana ni watu waaminifu. Kifaransa kingewaonya mapema: "avec réserve", yaani kuna jambo halikukubaliwa.

"Outstanding" nayo humsifu mwanafunzi bora, na hutaja pia deni ambalo halijalipwa. Tena kuna "table": Uingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana sana juu ya neno hilo, kumbe walitaka jambo lile lile.

Walimu, leteni darasani mikataba na ripoti za ukaguzi, si mazungumzo ya hotelini tu. Vijana wetu wanaweka sahihi kwenye karatasi hizo.

Mhasibu, Kadutu, Bukavu