Mwanangu, karatasi ile usiitie sahihi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili, tena kwa mkono, kwa sababu simu yangu shangazi yako huishika kila akipita hapa kutafuta picha za mjukuu wake, na lugha zote nyingine ninazoandika anazisoma vizuri kuliko mimi. Hii yetu haijui. Isome peke yako, kisha nipigie uniambie imefika. Usiniandikie, nipigie.

Ile karatasi ya kuweka nyumba na ardhi rehani benki, upate pesa za mgahawa wako, nimeipata. Nimeisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, nikidhani pengine itapungua makali. Usiitie sahihi. Mie sijaitia wala sitaitia, na wewe usiitie, hata huyo mshirika wako wa Jakarta akikwambia ni mambo ya kawaida na kila mtu anafanya.

Najua utakachosema, maana ushakisema kwenye simu mpaka sikio likawaka moto. Nyumba ni ya baba, kaijenga kwa jasho lake la sokoni Tanah Abang, na sheria ya Mungu iko wazi. Kweli. Na hata wenyewe wa huku, Waminangkabau wa Sumatra, hawabishi. Wakuu wa koo na mashekhe walikaa Bukittinggi mwaka 1952 wakakubaliana kuwa alichokichuma mtu mwenyewe kirithiwe kwa mirathi ya Kiislamu, na kilichotoka kwa mabibi kifuate ada. Wewe umeshika nusu ya kwanza, ya pili umeiacha mezani. Na hiyo nusu ya kwanza yenyewe umeisoma mbiombio. Katika kuta hizi wewe, binti pekee, una nusu, mie nina thumuni, na kinachobaki ni cha baba yako mdogo na shangazi yako. Kwenye karatasi yako hilo sikuliona. Mtoto mwenye shahada ya uhasibu!

Haya, tuseme kuta wamekuachia zote. Nyumba ni yako mpaka kwenye msingi. Chini ya msingi ni ardhi ya bibi yako, na ya mama yake bibi yako, na leo imo mikononi mwa shangazi yako, na yeye naye amepewa aitumie tu. Benki haitaki kuta, mwanangu. Ingekuwa inataka kuta tusingekuwa na maneno mimi na wewe.

Na ardhi ya pusako, hiyo iliyotoka kwa mabibi, haiuzwi. Hata kuwekwa rehani ina milango minne, na wewe ulikuwa ukinisomea mie jikoni ulivyotoka skuli, si mie niliyekusomea: maiti kalazwa ndani na hakuna cha kumzikia, binti mkubwa hajaolewa, nyumba kubwa ya ukoo inavuja, au mkuu wa ukoo anasimikwa baada ya kiti kukaa kitupu. Mgahawa haumo. Hata uwe mzuri namna gani, haumo.

Lile jaruba la kijitoni unajua liko kwa nani na tangu lini. Lilikwenda kwa emas 20, ili paa la nyumba kubwa lipate bati jipya, na emas ya huku ni gramu 2.5, kwa hiyo zihesabu mwenyewe. Mpaka leo jirani ndiye anayelima na ndiye anayevuna. Ipo sheria ya serikali ya mwaka 1960 inayosema shamba lililokaa rehani miaka 7 lirudi kwa mwenyewe bila kulipwa kitu. Nitajie mtu mmoja wa hapa kwetu aliyethubutu kwenda kulidai hivyo, kisha akaendelea kualikwa harusini. Kilichochukuliwa ni dhahabu, na dhahabu ndiyo itakayorudi. Shangazi yako ana gramu 12. Kila msimu pilipili zikishika bei anaongeza kidogo, anaifunga kwenye leso, anaihesabu tena kana kwamba itazaa. Huyo ndiye mtu unayetaka kumwekea ardhi benki bila ya yeye kujua.

Unasema baba yako mdogo atatia sahihi akipewa chochote. Huenda. Pikipiki bado anailipia na mwanawe anaingia chuo. Lakini wewe unamwona baba mdogo, na watoto wa shangazi yako wanamwona mamak, mjomba aliyewekwa awalindie chao. Akiuza cha wapwa zake atakaa wapi kikao kikiitwa? Wewe utakuwa Jakarta. Yeye atakuwa hapa, anapita njia moja na watu walewale, asubuhi na jioni. Usimtie mtu mwenye njaa katika jambo ambalo wewe mwenyewe hutakuwepo kulibeba.

Usiku wa galodo, ile tarehe 11 Mei 2024, wewe uliona kwenye televisheni. Mawe makubwa kuliko gari yanashuka kutoka mlima Marapi na tope la majivu, na watu zaidi ya 60 wamekwenda. Sisi mto ulipita upande wa pili, lakini nani alijua gizani? Shangazi yako alinigongea dirisha, peku, mvua inamchapa, na lile kopo jekundu la biskuti kwapani. Nikadhani ndiyo dhahabu. Tulikaa msikitini mpaka alfajiri kopo liko mapajani mwake, na aliposimama kusali aliliweka mbele, hapo penye kusujudu. Kulipokucha akalifungua aone kama maji yameingia. Ndani mlikuwa na ranji, karatasi ya nasaba, imekunjwa mara nane na mikunjo imebandikwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Akaitandaza juu ya zulia.

Nilikuwa sijawahi kuiona yote. Juu kabisa pana bibi wa mwanzo, kisha mstari unashuka kwa mabinti, na kwa mabinti wa mabinti. Wanaume wamo, majina yao yameandikwa vizuri tu, ila mstari ukifika kwa mwanamme unakoma. Baba yako yupo kati ya dada yake na mdogo wake. Kwa dada yake mstari unashuka mpaka kwa yule mtoto aliyekuwa ndio kwanza kazaliwa. Chini ya jina la baba yako ni karatasi nyeupe, upana wa vidole vitatu. Niliiangalia sana. Shangazi yako akaniona. Akasema, "Kule wamechemsha chai," akaikunja.

Bibi yako Mungu amrehemu alinijia na tambuu kwenye kasha, kabla wewe hujazaliwa, na mzee mmoja nyuma yake. Alitaka niingizwe katika ukoo wa jirani zao, si wake, kwa sababu wa suku moja, yaani ukoo mmoja, hawaoani. Ingechinjwa mbuzi, watu wangekula, nami ningekuwa na mama wa hapa na kaka wa hapa, na mtoto wangu angekuwa na suku. Nilijibu kuwa mie nina kwetu. Nilijibu kwa sauti, na nikaona nimesema neno la maana. Nilikuwa na miaka 24.

Tungule mwaka huu hazikufaa kitu. Pilipili afadhali, ila majivu yakishuka lazima uzioshe shinani kabla jua halijapanda, majani yasije yakaungua, na mgongo wangu hauko tayari kwa kazi hiyo kila mara mlima unapokohoa. Mdalasini wa nyuma ya bwawa umekatwa, unakauka uani, nyumba nzima inanukia kama jikoni kwa mama yangu siku ya Idi. Samaki tumewavua. Paka kazaa kwenye kapu lako la nguo na sikumtoa.

Turudi kwenye karatasi. Unaniambia mie mwoga kwa sababu mie mgeni. Wanaume wa huku wenyewe husema mume kwa ukweni ni majivu juu ya kisiki, upepo ukija hayapo. Mke aliyeletwa kutoka ng'ambo sijui ni kitu gani, hawakumtungia neno. Lakini mimi si mgeni wa karatasi. Nyumba ya babu yako Malindi nayo ilikuwa na karatasi. Ililetwa kwa posta, nikaitia sahihi kwenye meza hiihii ninayoandikia, kalamu hata haikukwama. Fungu langu, nusu ya fungu la kaka, ndilo vigae vya ukumbini unavyovikanyaga ukija. Sasa ile nyumba ni hoteli. Binamu yako alinitumia picha: chumba alichofia mama yangu kina kitanda kikubwa, na juu yake taulo limekunjwa umbo la bata.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija. Kwao kuna mali wanaita manyahuli, ya upande wa mama, haigawiwi na haiuzwi, na nyumba ni ya binti. Akianza kuyasema hayo tulikuwa tukikonyezana. Nimevuka bahari yote hii mpaka nyuma ya milima ya Sumatra, nikamkuta amekaa ukumbini kwa mama mkwe wangu, ananitazama.

Na lipo jambo jingine, nalisema mara moja. Makaburi ya hapa ni ya ukoo, kila suku na pao. Siku ya arubaini ya baba yako, tukiosha masufuria mimi na shangazi yako, alisema bila kugeuka, "Pembeni ya kaka yangu pana nafasi." Hakwenda kumwomba mtu ruhusa, alisema tu. Usije ukadhani ni kwa ajili hiyo ninakukataza. Si kwa ajili hiyo. Tangu baba yako afe sijanunua mchele, huuleta yeye, na hilo nalo siyo sababu. Nakukataza kwa sababu karatasi hii ikishatiwa sahihi huwezi kuirudisha ikawa nyeupe.

Hesabu zako za mgahawa nimezitazama. Mashallah. Umehesabu mpaka gesi na barafu, baba yako angezibandika ukutani. Ila mchele umekosea. Watu wanaokwenda kula kwa Mpadang wanakwenda kuongeza wali. Ukipiga kilo 10 kwa viti 40, adhuhuri ya Ijumaa utaaibika. Na nyama ya rendang usiipike kwa tui la pakiti, hata ukibanwa vipi. Likisha kukauka halitoi mafuta yake, na atakayeonja wa kwanza akiwa mtu wa Agam utamsikia kimya chake.

Viti 40 vya nini lakini? Anza na meza nne. Nina bangili mbili za mama yangu na ule mkufu. Nimezipima Bukittinggi Jumamosi, nilikwenda nikasema nakwenda kununua dawa ya magoti. Hazifiki kule ulikoandika wewe, lakini zinatosha kodi ya mwanzo na masufuria. Hizo ni zangu, hazimo kwenye ranji ya mtu, na sina haja nazo. Njoo uzichukue mwenyewe, sizitumi kwa basi. Ukija utakwenda kwa baba yako pia, maana tangu Idi ya mwaka juzi majani ya pale anayang'oa shangazi yako peke yake, na mie aibu inanishika.

Yule kijana mshirika wako, anasali? Nauliza tu.

Rendang nimekutumia kilo mbili. Iache ipoe kabisa kabla hujaifunika. Chombo ni cha shangazi yako, kile cha mfuniko wa buluu, na anavihesabu vyombo vyake kuliko dhahabu, kwa hiyo kirudishe na basi lilelile, usikigeuze cha kuwekea sabuni kama kile cha kwanza. Ameniuliza habari ya mgahawa, nikamwambia unaendelea kutafuta pesa. Amesema ukifungua yeye atakuja kukuonyesha kusaga pilipili, kwa sababu mie, baada ya miaka yote hii, bado nasaga kama mtu anayeogopa jiwe.

Karatasi yako nimeiweka chini ya gunia la mchele aliouleta juzi. Namsikia ndara zake uani. Nitamalizia baadaye, au basi, wacha niifunge hivihivi kijana wa basi asije akanipita.

Mama yako