O.V. Wright naye alitoka kanisani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niongeze neno juu ya makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu waimbaji wa Marekani waliotoka katika muziki wa injili wakaingia katika soul, muziki wa kidunia wa Wamarekani Weusi. Makala iliandikwa kwa ustadi, na mwandishi wake anaonekana kuwajua vizuri Sam Cooke, Aretha Franklin na Al Green. Hata hivyo, msomaji anayeifuata hadi mwisho atabaki akiamini kwamba safari hiyo ilikuwa na mwisho mmoja tu: mwimbaji mwenye kipaji aliondoka kanisani, waumini wakamlaumu kwa muda, kisha akapata jina na fedha. Overton Vertis Wright, aliyejulikana kama O.V. Wright, alishika njia hiyohiyo akiwa na sauti ambayo kwa maoni yangu haikuzidiwa na yeyote kati ya hao watatu, lakini jina na fedha havikumfikia kwa kiasi kile. Hakutajwa katika makala hata mara moja. Isitoshe, wimbo uliomtoa katika injili umetajwa humo kuwa ni wa Otis Redding, mwimbaji mwingine wa soul.

Naomba kusahihisha hilo kwanza. Wimbo “That's How Strong My Love Is” uliandikwa na Roosevelt Jamison, mtu wa Memphis aliyekuwa akifanya kazi katika benki ya damu na ambaye, kwa muda wake wa ziada, aliwasimamia waimbaji wa injili. Wright ndiye aliyeurekodi kwanza, mwaka 1964, kwa kampuni ya Goldwax, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo na Quinton Claunch pamoja na mfamasia Rudolph Russell. Claunch alipenda kusimulia jinsi Jamison alivyomgongea mlango usiku wa manane akiwa na kinasa sauti, huku waimbaji wawili wamesimama nyuma yake: mmoja alikuwa Wright, na mwingine James Carr. Redding aliurekodi wimbo huo muda mfupi baadaye, na mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza nalo likauimba. Hao ndio waliousambaza duniani, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba santuri ya Wright haikuachwa ishindane nao.

Sababu yake ilikuwa mkataba. Kabla ya kugeukia nyimbo za mapenzi, Wright, aliyezaliwa Oktoba 9, 1939, huko Lenow, Tennessee, nje kidogo ya Memphis, alikuwa akiongoza sauti katika kundi la injili la Sunset Travelers, na kundi hilo lilirekodi kwa kampuni ya Peacock ya Houston, Texas, iliyomilikiwa na Don Robey. Mara santuri ya Goldwax ilipoanza kusikika, Robey alidai kwamba mkataba wa Peacock ulimfunga Wright hata anapoimba peke yake na hata anapoimba mambo yasiyo ya dini. Goldwax ilikuwa kampuni changa isiyo na ubavu wa kushindana naye, hivyo Wright akahamishiwa Back Beat, tawi la Robey la nyimbo za kidunia, akakaa huko kwa takriban miaka 10.

Ingekuwa rahisi kumchora Robey kama mnyonyaji tu, lakini haki itendeke. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1949, wakati ambapo biashara ya santuri ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wazungu, na bila yeye huenda tusingekuwa na sehemu kubwa ya rekodi za makundi ya injili kama Dixie Hummingbirds na Five Blind Boys wa Mississippi. Ila mtu huyohuyo alikuwa na desturi ya kununua nyimbo kwa watunzi wenye shida na kuziandikisha kwa jina la Deadric Malone, ambalo lilikuwa lake mwenyewe. Ukiishika santuri ya “You're Gonna Make Me Cry” ya mwaka 1965, au ya “Eight Men, Four Women” ya mwaka 1967, utaliona jina hilo mahali pa mtunzi. Nyimbo hizo mbili ndizo zilizompandisha Wright juu kuliko nyingine zote, ya kwanza ikifika nafasi ya 6 na ya pili nafasi ya 4 katika chati ya muziki wa Weusi. Mwimbaji hulipwa santuri inapouzwa na anapopanda jukwaani. Mirabaha ya utunzi, ambayo huendelea kuingia mwaka hadi mwaka kila wimbo unapopigwa redioni au kurudiwa na mwingine, huenda kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kibandiko cha santuri.

Sasa nije kwenye sauti yenyewe, maana bila hiyo malalamiko haya yote yangekuwa ya mahakamani tu. Katika makundi ya injili ya Kusini mwa Marekani, kiongozi wa sauti hakupewa kazi ya kuimba vizuri peke yake. Alitakiwa kuliinua kanisa zima. Alianza chini, karibu na kuongea, wenzake wakimwitikia kwa utulivu nyuma yake, kisha akaongeza uzito neno baada ya neno mpaka sauti ikakwaruza na kupasuka mahali ambapo maneno hayakutosha tena. Wright aliijua kazi hiyo tangu utotoni. Msikilize katika “On Jesus' Program” pamoja na Sunset Travelers, halafu usikilize santuri zake za Back Beat, nawe utagundua kwamba hakubadilisha kitu chochote cha msingi. Aliyeimbiwa ndiye aliyebadilika, kutoka kwa Mungu kwenda kwa mwanamke, lakini namna ya kuomba ilibaki ileile.

Mfano ulio wazi zaidi ni “Eight Men, Four Women”. Mwimbaji anaota yuko kizimbani, na wazee wa baraza 12, wanaume 8 na wanawake 4, wanamkuta na hatia ya kupenda. Yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano wa injili akamsikia mtu akisimama kutoa ushuhuda atautambua mpangilio huo mara moja: mtu anaeleza alikuwa wapi, nini kilimpata, nani walikuwepo, na wasikilizaji wanaingia ndani ya habari yake hatua kwa hatua. Mwimbaji mwingine angeugeuza kuwa kichekesho, maana wazo lenyewe liko karibu sana na mzaha. Wright anauimba kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Rekodi zake bora zilitengenezwa Memphis, katika studio ya Royal, chini ya mtayarishaji Willie Mitchell. Hapa ndipo nadhani mwandishi wenu angefaidika zaidi kumtaja, kwa kuwa makala inaeleza kwa kirefu jinsi Mitchell alivyomjenga Al Green. Wright aliimba katika chumba kilekile, jengo lililokuwa zamani ukumbi wa sinema, akipigiwa na wanamuziki walewale: Teenie Hodges kwenye gitaa, Charles Hodges kwenye kinanda, Leroy Hodges kwenye besi na Howard Grimes kwenye ngoma. Green alijifunza kulegeza sauti hadi ikawa karibu mnong'ono, na mwaka 1972 “Let's Stay Together” ikashika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Mwaka mmoja kabla yake Wright alikuwa ametoa “A Nickel and a Nail”, wimbo wa mtu ambaye mfukoni amebakiwa na sarafu ya senti 5 na msumari. Ngoma ni ileile nzito isiyo na haraka, kinanda ni kilekile kinachonguruma chini, lakini sauti iliyo juu yake haikulegezwa hata kidogo. Sisemi kwamba Green alifanya vibaya, nampenda sana. Nasema kwamba mtu anayetaka kujua chumba kile kilikuwa na uwezo gani hawezi kumsikiliza mmoja akamwacha mwingine.

Najua jibu linalotolewa mara nyingi. Husemwa kwamba Wright alijiharibia mwenyewe kwa dawa za kulevya, na ni kweli kwamba katikati ya miaka ya 1970 alifungwa jela kwa makosa hayo. Lakini hesabu ya miaka haikubaliani na maelezo hayo. Nyimbo zake kubwa ni za mwaka 1965 na 1967, na tangu wakati huo tayari zilikuwa zikipendwa na wasikilizaji Weusi bila kuingia katika 40 bora za chati ya jumla. Otis Redding alikuwa Stax, kampuni ya Memphis ambayo santuri zake zilisambazwa na kampuni kubwa ya Atlantic, na mwaka 1967 wasanii wa Stax walipelekwa Ulaya kwa ziara iliyowafanya wajulikane kwa watu ambao hawajawahi kufika Memphis. Wright, aliyekulia mji huohuo, hakuwa na nafasi katika ziara hiyo kwa sababu alikuwa mali ya Houston.

Yaliyofuata nitayapitia kwa kifupi. Robey aliuza kampuni zake kwa kampuni ya ABC mwaka 1973. Wright alipotoka jela alirudi kwa Mitchell, safari hii katika kampuni ya Hi, akatoa albamu kadhaa kuanzia mwaka 1977, lakini redio zilikuwa zimekwisha kuhamia disko. Mwaka 1979 alikwenda Japani, ambako alipokewa vizuri na onyesho lake likarekodiwa. Alifariki kwa mshtuko wa moyo Novemba 16, 1980, huko Mobile, Alabama, akiwa na umri wa miaka 41, na kaburi lake lilikaa bila alama mpaka mwaka 2008, mashabiki walipochanga fedha za kuliwekea jiwe. Vijana wanaopenda hip-hop wameisikia sauti yake pasipo kuijua, kwani wimbo “Motherless Child” wa Ghostface Killah, wa mwaka 1996, umejengwa juu ya rekodi ya Wright.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu akiendelea na mada hii, kama makala ilivyoahidi, ampe Wright ukurasa wake. Wasomaji wasiotaka kusubiri waanze na nyimbo za Sunset Travelers, ndipo waende kwenye albamu ya mwaka 1971 inayobeba jina la “A Nickel and a Nail”. Zile za Hi waziache za mwisho: zina nyimbo nzuri, ila sauti imechoka, na anayeanzia hapo anaweza kudhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kuhusu James Carr, aliyesimama naye mlangoni kwa Claunch na ambaye ndiye wa kwanza kurekodi “The Dark End of the Street”, mambo ni mengi kuliko nafasi iliyobaki, na nitafurahi kuyaandikia barua nyingine ukiniruhusu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga